Tadjiddine Msaidié, Mpima Damu wa Mahajanga (1929–1968)

Ndugu na majirani, maneno haya ameyaandika mdogo wa marehemu, Mikidache, leo asubuhi ya Jumamosi, tarehe 20 Aprili 1968. Jana adhuhuri sahani ya kaka yake ilikuwa imeshapakuliwa. Leo jeneza liko uani.

Tadjiddine alizaliwa hapa Dzamandzar, Nosy Be, tarehe 12 Machi 1929, kifungua mimba wa marehemu mzee Msaidié Soulé, fundi wa mitambo ya kiwanda cha sukari, na Bi Nadjma Boinali, ambaye anatusikia kutoka chumbani.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi, akasoma shule ya msingi Hell-Ville hadi 1943. Mwaka 1946 alivuka kwenda Mahajanga kwa mjomba wake, mtaa wa Tsaramandroso, na mwaka 1950 akaajiriwa katika maabara ya hospitali.

Tarehe 9 Julai 1955 alimwoa Bi Rahamatou Mouigni, wakajaliwa watoto wawili.

Kazi iliyompa jina ilianza 1962, miaka miwili baada ya uhuru, Daktari Ibouroi aliporudi kutoka masomoni. Kuna homoni ambayo mwili huimwaga kwenye damu mtu anaposhtuka; ikizidi, huua. Vyombo vya kuipima havikuwapo. Daktari alimfundisha Tadjiddine kuchukua kipande cha utumbo wa kuku, chini ya urefu wa kidole, na kukitundika katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kikiwa kimefungwa kwenye kalamu nyepesi inayochora karatasini. Utumbo ule hubaki hai kwa saa nyingi. Ukidondoshewa damu yenye homoni hiyo hulegea, na kalamu hushuka.

Kuku aliwachinja mwenyewe kwa bismillahi, nyama akawapa majirani. Bibi mmoja aliwahi kumsimamisha njiani: “Tadji, kuku wako wanene, lakini mbona wote wamepungukiwa utumbo?” Akamjibu, “Bibi, huo umebaki kazini.”

Mwaka 1965 aliletwa mshonaji aitwaye Chamsia. Alikuwa akishikwa na mapigo ya moyo ya kasi, jasho na kichwa kupasuka, na kwao walishaita waganga wa mashetani. Tadjiddine alimtoa damu katikati ya shambulio. Kalamu ilishuka hadi mwisho wa karatasi. Uvimbe uliokuwa ukiimwaga homoni ile ulipatikana juu ya figo, ukakatwa Antananarivo, na Chamsia anashona mpaka leo.

Kila kipimo kilihitaji pia damu ya mtu asiye mgonjwa, ya kulinganishia. Kwa miaka sita Tadjiddine alitumia yake. Tarehe 26 Machi mwaka huu aliidondosha kama kawaida, na kalamu ikashuka. Alidhani utumbo umeharibika. Akachinja kuku mwingine, ikashuka tena. Akaomba damu ya mwenzake Fahardine, kalamu haikutikisika.

Alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu miguuni.

“Rahama,” alisema, “yale maumivu ya kichwa si ya jua.”

“Umejuaje?”

“Kuku ameniambia.”

Bi Rahamatou alicheka, akidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni, aliacha.

Daktari Ibouroi aliugusa uvimbe kwa vidole vyake, kwa hadhari, maana ukibanwa humwaga homoni. Upasuaji ulipangwa Antananarivo, tarehe 24 Aprili. Tadjiddine hakuogopa kisu; aliogopa kwenda bila radhi ya mama yake. Ndiyo maana alifika hapa jana, Ijumaa, tarehe 19, baada ya sala.

Akiwa mlangoni alisema, “Kwezi, mama,” kama tunavyowaamkia wakubwa zetu. Bi Nadjma akamjibu kwa itikio letu la salamu hiyo, “Mbona, mwanangu; vua viatu uingie.” Tadjiddine akainama kufungua kamba. Mama anasema: “Nilimwona akiinama. Sikumwona akiinuka.” Radhi hakuwahi kuiomba. Mama alimpa hapo hapo kizingitini, kichwa cha mwanawe kikiwa mapajani pake, akirudia rudia, na hatujui kama alisikia.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Tiketi ya ndege ya Antananarivo imo mfukoni mwa koti tulilomvua na kulitundika ndani, na hakuna aliyethubutu kuitoa.

Ameacha mama, Bi Nadjma. Mjane, Bi Rahamatou, aliye njiani kutoka Mahajanga. Watoto Zoubeiri na Moinaécha. Na mdogo wake Mikidache.

Mola amsamehe, ampanulie kaburi, na moyo wake uliochoka kwenda mbio upate kutulia. Amina.