Kipara cha Goli la Kaskazini

Mtaa wa Kezira, mkabala na geti la chuma la uwanja wa mpira wa Dire Dawa, pana benchi la mataruma mawili ya reli yaliyoinuliwa juu ya mawe. Mbele yake hukaa Zemzem, ambaye wote humwita Etiye, yaani dada mkubwa, na jiko lake la mkaa na jebena, birika lake jeusi la udongo, akipika kahawa raundi tatu kila asubuhi: ya kwanza ya kuamsha watu, ya pili ya kuwabishanisha, ya tatu ya kuwapatanisha. Wanaokaa hapo ni wale wale. Yupo Musie, mstaafu wa reli, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hutia Kifaransa chake cha kituoni hata kwenye salamu. Yupo Refa, dereva wa bajaji, ambaye hajawahi kuchezesha mechi hata ya watoto lakini hutoa uamuzi wa kila jambo, hadi ndoa za watu. Yupo Wembe, kinyozi. Na yupo Feleke, mtunza nyasi wa uwanja, mtu wa maneno machache, ambaye siku ile alikuwa nayo machache zaidi. Nyasi za mbele ya goli la kaskazini zilikuwa zimekufa. Palibaki kipara cheupe, kipana kama sebule, na Jumapili timu yao ya Baburi, yaani Treni, ilikuwa icheze hapo.

— Siku ya tisa leo, Refa alianza, kikombe bado hakijamfikia. Siku tisa, na mji mzima hauna mtu wa kusema ukweli. Mimi nasema. Tumerogwa.

— Na nani? Wembe akauliza.

— Na wale wageni wa mwezi uliopita, wa nyanda za juu. Hukuona walivyopasha misuli pale golini? Mtu anapasha misuli kwa kuinama hivyo? Mtaka cha uvunguni sharti ainame! Waliinama, wakazika kichwa cha fisi.

— Methali hiyo haiendi hapo, Zemzem akasema, akimimina.

— Etiye, methali ni kama bajaji. Inakwenda popote ukiilipia.

Wakacheka. Feleke naye akacheka kidogo, kwa kuchelewa. Akakiweka kikombe chini.

Yeye alikuwa anajua. Chini ya jukwaa kuna stoo, na humo mfanyabiashara mmoja wa ngozi alikuwa ameomba nafasi ya kuweka magunia yake. Siku moja alfajiri Feleke aliingia kuchukua mbolea. Gunia jeupe hapa, gunia jeupe pale, punje nyeupe humu na punje nyeupe mle, na maandishi ubavuni. Feleke hakuwa anasoma. Miaka kumi na tisa kazini hakuna aliyegundua, kwa kuwa nyasi haziandiki barua. Akachukua lililokuwa karibu, akalimwaga lote mbele ya goli la kaskazini, palipokuwa pamechakaa kuliko kwingine, kwa mapenzi kabisa. Siku ya tatu ndipo alipolamba kidole. Chumvi. Chumvi ya kutilia ngozi.

Tangu hapo hakulala vizuri. Akisema, ataulizwa kwa nini hakusoma.

— Fisi, fisi gani, Musie akasema, akikung'uta koti lake la reli lisilobakiwa na vifungo. Nyinyi vijana hamjui mji wenu. Pale chini, mon ami, kuna kichwa cha treni.

— Kichwa cha treni?

— Kizima! Wafaransa walipokuwa wanaondoka hawakutaka kutuachia kile kipya. Wakachimba, wakakifukia. Sasa jua likipiga, chuma kinapata moto, nyasi zinaungua kwa chini. Mficha uchi hazai! Ndiyo maana sisi hatuzai mabao.

— Mzee wangu, Gashe Musie, reli haijapita pale hata siku moja, Feleke akajikuta amesema.

— Wewe unamwagilia juu, Feleke. Mambo ya chini tuachie sisi wa reli.

Raundi ya pili ikamiminwa. Wembe alikuwa amesubiri zamu yake muda mrefu, na sasa alisogea kwenye ncha ya benchi hadi wenzake wakainuka kidogo kama mizani.

— Nyote mnazunguka. Niulizeni mimi. Nani anasimama pale golini mechi nzima?

— Kipa.

— Kipa wetu Surafel anatafuna nini akisimama?

Wakatazamana. Kila mtu alijua kuwa Surafel haachi mirungi yake hata siku ya mechi.

— Anatafuna, anatema, Wembe akaendelea. Anatafuna, anatema. Misimu mitatu! Mirungi humfanya nini mtu?

— Hapati usingizi, Refa akasema.

— Basi na nyasi hazikupata usingizi. Misimu mitatu macho kodo! Zimekufa kwa uchovu.

Musie aliweka kikombe chini taratibu.

— Jambo hilo lina akili, alisema.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyasi, Refa akaafiki. Nami naamua: kosa ni la kipa. Leo saa kumi nawachukua mashabiki, tunakwenda kwao. Avue jezi, arudishe glovu, na akibisha atajua.

— Atajua nini? Zemzem akauliza, sauti imebadilika. Yule kijana ana mama mgonjwa mle ndani.

— Etiye, huu ni mpira.

— Mwaka juzi, tulipofungwa, mlimfuata mpandisha bendera wa uwanja mkasema hivyo hivyo. Mlimvunja mkono.

Refa alikuwa ameshatoa simu, anampigia mpiga ngoma wa mashabiki. Feleke alimwona Surafel akilini, mrefu, mpole, anayemwita baba kila akija mazoezini na kuvua viatu kabla ya kukanyaga nyasi zilizotoka kumwagiliwa. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

Ndipo bajaji ya mtu mwingine iliposimama getini, akashuka mwanamke wa makamo, viatu vya vumbi, mkoba begani. Alikuwa mkaguzi wa viwanja, ametumwa na watu wa ligi. Alitazamiwa kesho. Geti lilikuwa wazi, akaingia bila kuuliza mtu. Kutoka benchini walimwona akipiga magoti kwenye kipara, akifukua kwa kidole, akionja. Akatema, akatoka moja kwa moja hadi kwenye kahawa.

— Selam. Nani amemwaga chumvi pale?

— Chumvi? Musie akasema. Madam, pale kuna kichwa cha...

— Ni mimi, Feleke akasema.

Alishangaa jinsi neno lilivyokuwa dogo baada ya kulibeba siku zote hizo. Akaeleza yote: stoo, magunia, mapambazuko. Alipofika kwenye maandishi alisita, akamtazama Refa na simu yake sikioni, kisha akasema:

— Sikusoma. Sijui kusoma, dada yangu. Surafel hana kosa lolote. Nifukuzeni mimi.

Refa akaikata simu. Zemzem akaweka mkono begani kwa Feleke, akauacha hapo.

Mkaguzi hakucheka wala hakukunja uso. Alisema Jumapili haitachezwa mechi hapa, hilo halina jinsi, na Zemzem akashusha pumzi ndefu, maana Jumapili ya mechi ndiyo siku yake ya kuuza. Lakini udongo ule ni wa mchanga, alisema, chumvi yake itashuka na maji. Loweka kwa maji mengi wiki tatu, usipande kitu, kisha tia nyasi mpya. Kuhusu kazi, yeye ataandika kwamba mtunzaji ametaja kosa mwenyewe, na kwamba stoo ya mbolea haipaswi kuwekwa mali ya watu. Mengine ni ya wakubwa wa uwanja.

— Na magunia chora picha, aliongeza. La chumvi chora ngamia, maana ndiye huibeba.

Feleke akaitikia kwa kichwa. Alivuka barabara kwenda kufungulia bomba, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko siku zote za karibuni.

Zemzem akammiminia mkaguzi raundi ya tatu. Alikunywa amesimama, akiwatazama wale watatu mmoja mmoja, fisi, treni na mirungi, maana kila mmoja alikuwa ameshamweleza yake kwa ufupi.

— Yule mzee wa bomba hukaa hapa kila siku?

— Kila siku, Wembe akasema. Pale pale pembeni yangu.

— Na ndiye anayetunza nyasi?

— Miaka kumi na tisa.

— Sasa siku zote tisa, kati yenu nani alimuuliza yeye?

Musie alitafuta vifungo kwenye koti. Wembe akachungulia machicha ya kahawa. Refa akaenda kuwasha bajaji yake, akaondoka bila abiria.