Damaris Mbeyu Dena na Mwitu Aliofungiwa

Marehemu Damaris Mbeyu Dena alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Ganze, mtoto wa tatu wa Mzee Dena Kazungu na Bi Kadzo. Alisoma shule ya msingi papo hapo kijijini, kisha sekondari ya misheni kule Kaloleni, akamaliza mwaka 1982.

Mwaka 1984 aliajiriwa Nairobi katika ghala la mimea mikavu inayohifadhiwa kwa utafiti. Huko ndiko alikopenda likeni, yale madoa ya kijivu na manjano yanayoganda kwenye magome ya miti, ambayo wengi wetu huyadhania ugonjwa. Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na Mwalimu Mangi Pola, wakajaliwa watoto wawili, Pola na Kabibi.

Julai 2001 aliomba likizo ya miezi mitatu aje kumuuguza mamake Mwalimu hapa Mudzongoni. Mkwe aliugua miaka tisa, na kazi ya Nairobi ikapewa mwingine. Faraja yake ikawa kaya, mwitu mtakatifu wa wazee ulio nyuma ya shamba. Wazee walimruhusu kuingia baada ya kula kiapo kwamba hatatoa humo hata jani. Alizunguka na kioo cha kukuzia, uso ukigusa gome, hata ikavuma sokoni kwamba mke wa mwalimu anabusu miti. Mkwewe alijibu kutoka kitandani, "Heri abusu miti kuliko kusengenya watu."

Alichora daftarini aina 143 za likeni. Wataalamu aliowatumia michoro walimwandikia mara mbili kwamba bila vipande hawawezi kuzitambua. Hakutoa kitu.

Mwaka 2019 kampuni moja ya kokoto ilidai upande wa magharibi wa kaya, ikisema ni kichaka cha juzi tu, si mwitu wa kale. Damaris alijua likeni za pale huota kwenye miti ya karne nyingi tu. Wakili wa kijiji, Bi Shahida Omar, alimwambia, "Mama Pola, michoro haitatosha. Niletee magome."

Alimwendea Mzee Yeri, mkuu wa kaya.

"Ukitoa, mwanangu, hutaingia tena."

"Na nisipotoa, mzee?"

Mzee Yeri alimsindikiza mpaka njiani.

Alikaa siku nne akifikiri. Tarehe 6 Machi 2020 aliingia peke yake, akabandua vipande saba kwa kisu cha jikoni, akampelekea wakili. Februari 2021 kampuni ilishindwa kesi kwa ushahidi wa magome hayo. Kijiji kilishangilia, jioni hiyo wazee wakamfungia kaya. Tangu hapo aliishi hatua mia mbili kutoka mwituni, akifika mpakani na kurudi. Mwalimu alipomsihi wahamie Kilifi mjini, alisema, "Nikihama nitakuwa nimefungiwa mara mbili."

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Mei mwaka huu wa 2025, Mzee Yeri alikuja kumjulia hali.

"Ungekata tena?"

"Ningekata."

"Nami ningekufungia tena, mwanangu," akasema mzee, machozi yakimtoka. Akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka uji wa mgonjwa ukapoa.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Juni. Ameacha mume wake, Mwalimu Mangi, watoto wake, Pola na Kabibi, wajukuu watano, na dada yake, Pauline. Mola ampokee, amfungulie, ampumzishe kwa amani.