Nilipofunga, Ugonjwa Ulishiba

Ndugu zangu, jina la Yesu lipewe sifa hapa kambini Nakivale, na ninyi mlioketi kule nyuma mnisikie pia! Mimi ni Mama Neema, yule anayeuza unga wa mihogo sokoni Base Camp. Nimeombwa nishuhudie jinsi Mungu alivyonitoa mdomoni mwa kaburi. Nitashuhudia, lakini niwaambie mapema kwamba mshangao haujanitoka mpaka leo. Mungu alinijibu, ila jibu lake sikulitegemea hata kidogo.

Ugonjwa wangu nilitoka nao kwetu Uvira. Ulianza nilipomaliza kumnyonyesha Neema. Kila nikikaribia siku zangu za mwezi, tumbo lilinikamata kiasi cha kuuma kanga nisipige kelele. Usingizi ulikimbia. Moyo ulikwenda mbio nami nimelala tu. Nilisikia watu wakiniita kwa jina, na chumbani nipo peke yangu. Hospitalini wakapima malaria, wakapima taifodi, wakapima minyoo, hawakuona kitu. Daktari mmoja alinibonyeza tumbo akasema ni laini, halina ubaya, nirudi nyumbani nikapumzike. Nilimtazama nikadhani ananitania.

Halafu kukawa na mambo ya mkojo. Samahani kwa kuyataja kanisani, lakini bila hayo hamtaelewa. Beseni langu likiachwa mlangoni penye jua, mkojo uligeuka rangi ya divai. Waombezi walipouona walishtuka, wakasema kuna mtu anakunywa damu yangu. Mimi mwenyewe nilisadiki. Nani angeuona mkojo ule asisadiki?

Basi tukafunga, na mnajua sisi tunavyofunga: kavu, bila chakula, bila maji. Ndugu zangu, hakuna aliyenilazimisha. Mliacha mashamba yenu, mkaja kulala njaa pamoja nami katika chumba cha maombi. Mlinipenda, na ndiyo sababu jambo hili linanitisha.

Kwa maana kila nilipofunga, maumivu yalizidi. Tukasema pepo anapigana kwa sababu anachomwa, kwa hiyo tuongeze siku. Tukaongeza, yakazidi tena. Nikaanza kusema maneno ya ovyo, nikamtukana hata Mama Mchungaji, ambaye ni mpole kuliko watu wote. Mwishoni nilijaribu kuinua mikono kusifu, ikakataa kuinuka. Mchungaji akainama karibu yangu akasema, "Mama Neema, vumilia tu kidogo, ule pepo iko karibu kutoka." Nilitaka kumjibu kwamba anayekaribia kutoka ni mimi, lakini sauti haikuwepo.

Mume wangu ndiye aliyeingia. Mnamjua Baba Neema, si mtu wa maneno. Alinitazama, akavua koti lake akanifunika. "Nabeba bibi yangu," akasema. "Mungu iko na ku hopitali." Baadhi yenu mlimzuia mlangoni mkisema anavunja maombi. Akapita katikati yenu na mimi begani.

Kutoka kiliniki ya Base Camp nilipelekwa hospitali ya Mbarara kwa gari la wagonjwa, na njiani sikujua kama ni asubuhi au jioni. Huko nilimkuta daktari mwanamke, mzaliwa wa Ngarama hapa jirani, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini anauliza mpaka mwisho. "Mama, hii tumbo inaumwa sana wakati gani?" Nikamwambia, nikifunga. Akaacha kuandika. Akachukua mkojo wangu katika chupa mbili. Moja akaifunga kwa karatasi nyeusi, nyingine akaiweka dirishani juani. Baadaye akazileta zote mbili. Ya gizani ilikuwa na rangi ya mkojo wa mtu yeyote. Ya juani ilikuwa divai. Akanionyesha ile ya divai akauliza, "Sasa, nani alikuja kuroga hii chupa?"

Alipeleka mkojo mwingine upimwe mbali, na majibu yakaja kama alivyofikiri. Ugonjwa unaitwa pofiria. Alinieleza taratibu. Ini hutengeneza kitu chekundu, ndugu na kile kinachoipa damu rangi, kwa hatua moja baada ya nyingine. Hatua ya kwanza ina breki: kile chekundu kikitosha, inatulia. Chakula nacho kinasaidia kukanyaga hiyo breki. Sasa mimi nimezaliwa na hatua moja ya katikati iliyo dhaifu. Nikikaa na njaa, breki inaachiwa, ini linaanza kazi kwa fujo, na katikati pamekwama. Vile vitu vibichi vinarundikana, vinakuwa sumu kwa mishipa ya fahamu.

Mimi muuza unga nilielewa hapo hapo. Mihogo michungu ikimenywa mingi kuliko pipa la kuloweka linavyoweza kuitoa sumu, halafu watu wakaila hivyo hivyo, inawaua. Ndani yangu wamenyaji walikuwa wanaharakishwa na njaa yangu mwenyewe. Ndugu zangu, tulikuwa tunampiga adui, na kila pigo lilitua kwenye ini langu!

Na dawa? Iko dawa inayotengenezwa kutokana na damu ya watu, inalipa ini kile chekundu ili litulie, lakini haikupatikana. Nilitundikiwa maji ya sukari. Sukari, wapendwa! Kitu nilichokikataa kwa ajili ya Bwana ndicho alichoniwekea mshipani. Maumivu yakalegea, sauti zikanyamaza, na baada ya majuma ya mazoezi mikono hii mnayoiona ikainuka.

Siku moja daktari aliniuliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyekufa hivi. Nikafungua mdomo kusema hapana, nikamkumbuka shangazi yangu, dada wa baba. Alifia Uvira katika chumba cha maombi, amefunga, mikono haiinuki. Kwenye mazishi walisema ameondoka na dhambi aliyokataa kuiungama. Nililia hospitalini kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kujililia mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, nawashukuru na ninyi. Sijaacha kuomba, na nawaalika mumtumaini Bwana huyu, maana anasikia hata tukiomba vibaya. Ila ugonjwa huu unarithiwa. Wamempima Neema wangu, yule wa kwaya, na ini lake ni kama langu. Wiki ijayo mtafunga. Mkimwona anakula, msimuulize ana dhambi gani. Mwongezeeni bugali.