Mwenye Zamu Yupo

Mchungaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wa idara ya maji, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza ndugu yetu, familia inawashukuru na inawaomba uvumilivu kidogo, kwa kuwa historia hii inasomwa na mdogo wake wa kike, ambaye marehemu mwenyewe alimwonya mapema kwamba akisoma harakaharaka atarudishwa mwanzo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Hakikisha kuliko jina alilobatizwa, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi seremala na mkewe aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Tarehe 2 Novemba 1968, marehemu akiwa na umri wa miaka kumi na moja, mama yake alifariki baada ya kuugua kwa majuma mawili, na neno la mwisho alilomwambia mwanawe lilikuwa, "Wewe ndiye mkubwa, waangalie wenzako." Mama alisema kama mama yeyote angesema, lakini mtoto alilimeza neno hilo na likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo hakutulia tena, akawa anawahesabu wadogo zake mlangoni wakitoka, anawahesabu tena wakirudi, ingawa walikuwa wawili tu na hakuna namna wawili wanavyoweza kupungua bila mtu kuona.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akimsaidia baba kupiga randa na kuwapikia wadogo zake, na mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, ambako alisomea ufundi bomba na kuhitimu Desemba 1976. Cheti chake kinasema alikuwa hodari na mwenye bidii, ila mwalimu wake aliongeza chini kwa kalamu kwamba kijana huyu hukaza nati hadi zinakatika.

Tarehe 1 Julai 1977 aliajiriwa na idara ya maji katika kituo cha pampu, na hapo ndipo alipofanya kazi miaka karibu arobaini, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017. Kazi ya kituo ni ya zamu, anayetoka huandika katika daftari hali ya pampu, tangi na koki, husaini na kusema "Nakabidhi", anayeingia naye husaini na kusema "Nimepokea", kisha wa kwanza huchukua mfuko wake na kwenda nyumbani. Marehemu alikuwa akikabidhi vizuri sana, tatizo lake lilikuwa kuondoka. Alifika getini akarudi kushika koki, alifika barabarani akarudi kutazama mshale wa presha, na mwenzake wa zamu, ambaye kituo kizima humwita Kimya na ambaye yuko hapa nasi, alizoea kumwona dirishani saa nzima baada ya kuagana naye.

Alifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1981, na binti mshonaji wa nguo, ambaye leo ni mjane wetu, na ingawa mjane ameomba jambo hili lisisomwe, familia imeona lisomwe. Bibi harusi alimsubiri mlangoni mwa kanisa dakika ishirini na tano, kwa sababu bwana harusi alikuwa amerudi nyumbani kuhakikisha amefunga mlango. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mwaka 1983, wa kiume tena mwaka 1986, na wa kike tarehe 19 Aprili 1990, na kila mmoja alipozaliwa marehemu alifurahi sana kisha akakonda, maana kwake mtoto alikuwa kitu kingine cha kuangaliwa.

Tusidanganyane mbele ya jeneza, ndugu yetu alikuwa mtu wa kanisani, alikaa benchi la tatu na alijua nyimbo kwa moyo, lakini kwa miaka mingi alimwomba Mungu kama mtu anayemtuma msaidizi asiyemwamini, akishasema amina anakwenda kuifanya kazi mwenyewe. Jumatano tarehe 12 Februari 1992 alikabidhi zamu saa nane mchana, naye Kimya akaifunga koki kubwa ya kumwagia maji ya tangi baada ya kulisafisha. Marehemu alirudi mara ya tatu kuhakikisha, tangi likiwa limeshajaa tena, akaushika usukani wa koki ile akidhani bado haijakaza, na kwa uchovu akauzungusha upande wa kufungulia. Tangi lote lilimwagika bondeni, shule na nyumba hazikuwa na maji kwa siku mbili, na aliyesimamishwa kazi ni Kimya, kwa kuwa saini iliyokuwa daftarini ni yake. Marehemu alijua tangu saa ya kwanza. Alikaa na jambo hilo siku tatu, hali, halali, anazunguka uani mpaka mkewe akamwambia, "Baba watoto, ama useme ama uchimbe kisima, maana ardhi umeshaichosha," na siku ya nne alikwenda kwa mkuu wa kituo akasema kila kitu, akapewa barua ya onyo, na Kimya akarudi kazini bila kumlaumu, akamwambia tu kwamba chai iko kwenye chupa.

Mtu angedhani hilo lilimfundisha, lakini lilimwongezea, kwa sababu sasa alikuwa anawachunga wengine na kujichunga mwenyewe pia. Jumatatu tarehe 10 Juni 1996 binti yake, akiwa na miaka sita, alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, na baba akahamia wodini. Alihesabu matone ya dripu, aliwauliza manesi dawa moja mara nne, na siku ya tatu asubuhi, alipoona matone yanakwenda polepole kuliko alivyopenda, aliunyosha mkono akakizungusha kigurudumu cha dripu mwenyewe. Nesi mkuu alimkuta mkono ukiwa palepale. Alimwambia, bila kupaza sauti, kwamba dawa ile ikienda mbio inaweza kumuua mtoto, akarekebisha, akamtoa nje na kumwonyesha benchi la korido.

Hapo ndipo Kimya alipomkuta, kwa kuwa alikuja kumtazama mgonjwa, na marehemu alisimulia kikao kile mara nyingi kiasi kwamba tunakijua kama tulikuwepo. Alikuwa anainuka anakaa, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, anasema akikaa nje mtoto atakufa, na akiingia ndani huenda yeye mwenyewe akamuua. Kimya, ambaye maneno yake ya mwezi mzima yanatosha kwenye kiganja, alimshika bega akasema, "Ndugu yangu, wewe na magurudumu. Hii si zamu yako, hukupangiwa. Mwenye zamu yupo, kabidhi." Marehemu akamuuliza, "Nisaini wapi?" Kimya akamjibu, "Hakuna kusaini. Unamwambia, halafu unakaa."

Basi alimwambia Mungu palepale kwenye benchi, watu wakipita na ndoo na mashuka, kwamba hili haliwezi, na hakuliweza tangu mama yake alipofariki, kwamba amechoka, na kwamba huyu mtoto amchukue yeye, kisha akajisahihisha upesi, akasema sikusema umchukue, nasema umtunze, maana hata kwa Mungu alitaka kuhakikisha ameeleweka. Akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, kisha akakaa. Hakuinuka mpaka alipoitwa. Binti yake alipona baada ya siku kumi na tisa, ila sikio la kushoto halikusikia tena, na marehemu alikuwa akisema kwamba siku ile benchini hakuahidiwa chochote, na kwamba alikabidhi kabla ya kujua.

Hakubadilika kwa siku moja. Kijana wake wa kwanza aliposafiri kwenda kuanza kazi, alimpigia simu mara tisa kabla basi halijafika. Lakini kituoni, baada ya kusaini, alianza kutembea kuelekea getini mikono ikiwa mifukoni, amekunja ngumi, akinong'ona "mwenye zamu yupo, mwenye zamu yupo", na siku nyingine alifika nyumbani jasho likimtoka kana kwamba amebeba pampu yenyewe, kwani kwake kuacha kulikuwa kazi ngumu kuliko kushika.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa na kupata nafuu, hadi tarehe 2 Septemba 2024 alipozidiwa na kulazwa. Jumanne tarehe 17 Septemba, saa nane mchana, mkewe na watoto wote watatu wakiwa kitandani pake, bomba la sinki kwenye kona ya wodi lilikuwa linadondosha maji, tone, tone, na kila mmoja wao alijua kwamba mgonjwa amelisikia, wakasubiri aseme. Kijana wake mdogo akainuka kwenda kulikaza. Marehemu akamzuia kwa mkono, akasema, "Linavuja, nimelisikia. Kaa tu, mwanangu, mwenye zamu yupo." Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, vidole vimenyooka. Alifariki saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya moyo, majirani waliotuletea viti na kukaa nasi, mchungaji na waumini wenzake wa benchi la tatu, na wafanyakazi wa kituo cha pampu, hasa Kimya, ambaye tangu msiba uanze amekuja kila siku na hajasema neno.

Kaka, wenzako uliotuangalia tumefika wote wawili, tumejihesabu mlangoni. Umekabidhi, nasi tunaamini umepokelewa. Usirudi kuangalia, pumzika kwa amani.