Bwana Keshokutwa na Mirija Yake Kumi na Mitano

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano. Mkunga alisubiri siku kumi zaidi ya alivyotarajia. Marehemu hakuwa mtu wa kukimbizwa.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1969, akasomea kazi ya maabara, na mwaka 1972 akaajiriwa kupima maji ya kunywa. Njia yake ilikuwa ya mirija kumi na mitano: maji yanachanganywa na mchuzi wa kulisha bakteria, na mapovu yakitokea, maji hayafai. "Ndiyo", yaani mapovu yapo, ilikubalika baada ya saa ishirini na nne. "Hapana" haikukubalika mpaka saa arobaini na nane. Ndipo wenzake wakambandika jina la Bwana Keshokutwa.

Meza ya pili alikaa binti aliyechuja maji kwa karatasi maalumu, kesho yake akahesabu madoa ya bakteria walioota. "Wewe unakisia, mwenzio nahesabu," alimchokoza. Marehemu alipomposa, binti akakataa. Marehemu akaandika daftarini: "Saa 24, hapana. Isomwe tena." Kesho yake, saa ile ile, akarudi na kalamu.

"Vipi, kuna mabadiliko?"

Binti akacheka, na hapana yake ikawa imekwisha. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, na binti huyo ndiye mama yetu.

Mwaka 1986 karatasi ya mama ilionyesha kisima cha shule ni safi. Mkuu wa maabara akamfokea marehemu, "Weka sahihi, bwana! Shule inafunguliwa kesho!"

"Mkuu, 'hapana' hii haijaiva."

Siku ya pili mirija mitatu ikatoa mapovu. Bakteria walikuwa wamelegezwa na dawa ya kusafishia maji, wakachelewa kuamka. Mama alinuna hadi jioni, kisha akampa mkono.

Tarehe 2 Mei mwaka huu alipata kiharusi. Kesho yake daktari akasema hataamka. "Daktari," mama akamjibu, "hiyo ni hapana ya saa ishirini na nne." Akavuta kiti, akakaa. Saa arobaini na nane zilipotimia, marehemu akafungua jicho moja: "Mirija anasoma nani?" Tulipata naye wiki tano zaidi, nasi tunashukuru kwa kila siku.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi. Ndugu walitaka azikwe jana. Mama akagoma.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na mirija ambayo tumekatazwa kuigusa.

Leo Alhamisi, saa nne kamili, mama ameangalia saa yake, akamtazama mumewe mara ya pili. Hakuna mabadiliko. Ameturuhusu.

Pumzika kwa amani, Bwana Keshokutwa.