Doa la Bluu Chini ya Kochi

AMBILIKILE: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba ya Zambia siijui.

IKUPA: Kaka, ni mimi, Ikupa. Shikamoo.

AMBILIKILE: Marahaba, mdogo wangu. Umehamia kwa Wabemba?

IKUPA: Niko nyumbani, Tunduma. Nimeweka laini ya Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka. Ile nyingine Shadrack akirudi safari anaipekua, nani kapiga, nani kapigiwa.

AMBILIKILE: Mtoto mzima?

IKUPA: Faith mzima, kalala hapa kwenye kochi. Kaka, wewe ndiye fundi rangi. Rangi ya mafuta ikikaukia kwenye zulia inatokaje?

AMBILIKILE: Ina muda gani?

IKUPA: Wiki mbili. Faith alipiga teke kopo la rangi ya bluu ya geti. Nikasogeza kochi juu ya doa. Sasa mume wangu anarudi na lori, kanunua kabati huko, na makochi lazima yahame.

AMBILIKILE: Zulia lenyewe si lile alilokuonya usilichafue—

IKUPA: Lile lile.

AMBILIKILE: Doa kubwa kiasi gani?

IKUPA: Kama sahani.

AMBILIKILE: Sikiliza. Usisugue. Kwangua kwa mgongo wa kisu, kutoka pembeni kwenda katikati. Halafu chukua kitambaa cheupe, kiloweshe thina kidogo, gandamiza, inua. Usimwage kabi—

IKUPA: Nimeshamwaga.

AMBILIKILE: Thina?

IKUPA: Pe... (mtandao unakwaruza) ...kidumu cha uani.

AMBILIKILE: Unakatika! Umemwaga nini?

IKUPA: Petroli! Kama nusu lita. Rangi inalainika, ila inasambaa.

AMBILIKILE: Madirisha umefungua?

IKUPA: Na baridi hii? Nimefunga, majirani wasisikie harufu. Faith nimemwashia jiko la mkaa.

AMBILIKILE: Liko wapi hilo jiko?

IKUPA: Si hapa hapa sebuleni—

AMBILIKILE: Toka.

IKUPA: Nimalizie kidogo tu—

AMBILIKILE: Ikupa, toka! Mvuke wa petroli unatambaa chini, unalifuata jiko. Usilisogeze. Usiguse swichi. Beba mtoto, acha mlango wazi, toka!

IKUPA: (kishindo, mtoto analia) Tumetoka. Tuko uani.

AMBILIKILE: Ee Mungu. Sogeeni mbali na mlango.

IKUPA: Lakini kaka, doa bado. Mvuke ukipungua nitarudi. Alisema anafika saa tisa, na simu inaonyesha saa nane kasoro dakika tano. Nina saa nzima.

AMBILIKILE: Saa nane?

IKUPA: Kasoro dakika tano.

AMBILIKILE: Hapa Vwawa ni saa tisa kasoro dakika tano. Umeweka laini ya Zambia, Ikupa. Simu imefuata saa zao, ziko nyuma kwa saa moja.

IKUPA: Mungu wangu. Kumbe zimebaki dakika tano—

AMBILIKILE: Haloo? Haloo?

IKUPA: Nipo.

AMBILIKILE: Ule mkono ulioumia mwezi wa tano. Ulisema uliteleza bafuni.

IKUPA: Niliteleza.

AMBILIKILE: Ikupa.

IKUPA: Kaka, salio linaisha—

AMBILIKILE: Uliteleza?

IKUPA: Nilimwaga chai. Kwenye zulia hili hili.

AMBILIKILE: Ondoka hapo. Sasa hivi. Nenda hapo jirani kwa Mama Tumpale, natafuta gari nije.

IKUPA: Niko na kandambili. Nguo za mtoto ziko nda—

AMBILIKILE: Ziache!

IKUPA: Lori hilo. Linapinda kona.

AMBILIKILE: Umeshatoka getini?

IKUPA: Geti ni moja tu, kaka, na ndipo anapoingilia. (honi) Umesikia? Anataka nimfungulie.

AMBILIKILE: Ukuta wa Mama Tumpale ni mrefu?

IKUPA: Unanifika kifuani. Mama Tumpale! Mama Tumpale, nipokelee mtoto! Hapa, juu ya ukuta! (mtoto analia, kisha sauti inakuwa mbali) Kampokea.

AMBILIKILE: Na wewe panda!

IKUPA: Jiko bado linawaka mle ndani. Ana ufunguo wake. Akiingia na sigara—

AMBILIKILE: Mpigie kelele ukiwa upande wa pili! Panda kwanza, Ikupa!

IKUPA: (anahema) Napanda... (kishindo) Nimeshuka. Niko kwake.

AMBILIKILE: Asante Mungu.

IKUPA: Anafungua geti. Kaka, sijawahi kumpandishia sauti.

AMBILIKILE: Mpandishie leo.

IKUPA: Shadrack! Usiingie ndani! Shadrack, simama hapo hapo, nimesema! Kaka, kwaheri, salio lina—