Nyongeza ya Nyanya kwa Mke wa Mjomba Boadu

Tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka thelathini na mmoja mbele ya kamera za televisheni yetu hapa Kumasi, Ghana, Mzee Yaw Ofosu-Dankwa anastaafu. Nchi nzima inamjua kama Mjomba Boadu, yule mwenye kofia nyekundu kwenye mchezo wa kuigiza wa Jumapili, anayefukuza wajane na kujitwalia mashamba ya kakao ya marehemu. Wapo wasiojua kwamba ana jina jingine.

Alikuja akiwa mwalimu wa shule ya msingi, akapewa nafasi ya wiki mbili tu. Alimfukuza mjane wa kwanza vizuri mno. Simu za matusi zikamiminika, na meneja akamwongezea mkataba siku hiyohiyo. Tangu hapo hajawahi kusahau maneno yake. Miwani ndiyo huisahau kila mahali, na mara moja tuliikuta ndani ya jeneza la kuigizia.

Aliyeumia kwa sifa hizo ni mkewe, Bi. Birago. Sokoni walimuuzia nyanya, ila nyongeza hawakumtilia hata siku moja. "Mwambie mumeo amrudishie kwanza yule mama nyumba yake!" walimwambia. Bi. Birago alicheka sokoni, akalia nyumbani. Mzee aliogopa jambo moja: kwamba yeye atastaafu, na chuki aliyomletea mkewe haitastaafu.

Mwaka huu akatangaza kwamba anarekodi albamu, si ya kuimba, ya kuzungumza. Tulimcheka sana. Akosua wa vipodozi akamuuliza, "Mzee, sasa unawafuata wajane mpaka redioni?"

"Sikiliza kwanza, mwanangu," akajibu. "Kicheko hakiozi, utacheka baadaye."

Tukakusanyika kantini kusikiliza, vicheko vikiwa tayari. Ikaja sauti ileile nzito tuliyozoea kuiogopa, safari hii ikitetemeka: "Birago, miaka yote hii mimi nimeshangiliwa, wewe umezomewa. Kofia ya Boadu nilikuwa naivua studio. Wewe ukaivaa sokoni." Hakuna aliyecheka. Akosua alijifuta macho kwa sponji ya poda. Mimi niliyekaa kwenye mitambo nimeisikia mara nyingi kuliko wote, na bado nairudia kuisikiliza.

Redio za mjini zikaipiga wiki nzima. Jumamosi iliyofuata Bi. Birago akaenda sokoni kama kawaida. Muuza nyanya wake, mama asiyejua kubembeleza mtu, akampimia, akamtazama, kisha akamwekea nyanya tatu juu ya zile alizolipia.

"Msalimie mumeo," akasema. "Ila huyo Boadu bado simpendi."

Mzee Ofosu-Dankwa, kazini umetufunza kuwahi, kujiandaa na kuheshimu hata anayeshika taa. Tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda ukapumzike na Bi. Birago, mle mchuzi wa nyanya zile, na kila siku yenu iliyobaki iwe na nyongeza yake.